Sura ya Saba: Kiraka Kinapovuka Barabara ya Ngong

Katikati ya mwaka 2009, ramani huria ya OpenStreetMap ilikuwa na Barabara ya Ngong, ilikuwa na Barabara ya Lang'ata, na ilikuwa na reli iendayo Kisumu. Kati ya barabara hizo mbili, mahali ambapo kila Mnairobi anajua pana mabati yaliyobanana mpaka mtu hulazimika kupita upandeupande, ramani ilikuwa karibu nyeupe. Kibera haikuwepo.

Mwishoni mwa mwaka huo Wamarekani wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walianzisha mradi ulioitwa Map Kibera. Vijana kutoka vijiji vya mtaa huo, Kianda, Gatwekera, Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga na vinginevyo, walipewa vifaa vidogo vya GPS na kufundishwa kuvitumia. Wakazunguka vichochoroni wakirekodi vioski vya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Kisha walikaa kwenye kompyuta, wakafungua programu ya JOSM, wakachora walichokiona na kukipeleka kwenye seva ya OpenStreetMap.

Mradi huo husimuliwa sana kama kisa cha ramani na umaskini. Katika kitabu hiki unaingia kwa mlango mwingine. Vijana wale, iwe walijua au hawakujua, walikuwa wanatumia mfumo wa kudhibiti matoleo, ndugu wa damu wa mifumo ambayo waandishi wa programu hutumia kutunza msimbo wao. Na matatizo yaliyowakuta ndiyo yanayomkuta mwandishi wa programu anapotaka kutoa badiliko kwenye mfumo mmoja na kulipeleka kwenye mfumo mwingine usioelewana na wa kwanza.

Kila kitu kwenye OpenStreetMap, hata kioski kimoja cha maji pale Makina, kina nambari yake ya utambulisho na nambari ya toleo. Kikichorwa mara ya kwanza ni toleo la 1. Mtu akisahihisha jina lake, kinakuwa toleo la 2. Mabadiliko yaliyofanywa kwa pamoja huwekwa kwenye kifurushi kimoja chenye jina la aliyeyafanya na maelezo mafupi ya alichokusudia. Utaratibu huo ulianza Aprili 2009, miezi michache tu kabla ya vijana wa Kibera kushika GPS. Tuseme vijana wawili wamepakua kioski hichohicho kikiwa toleo la 3. Wa kwanza anakisogeza mita chache na kukirudisha, kinakuwa toleo la 4. Wa pili, ambaye bado ameshikilia toleo la 3, akijaribu kurudisha lake, seva inamkatalia na kumwambia kuna mgongano. Lazima atazame alichofanya mwenzake kabla ya kuamua. Hakuna anayefuta kazi ya mwingine bila kujua.

Waandishi wa programu walikuwa wameuona mgongano huo miaka mingi kabla. Mwaka 1974 mfumo wa Unix ulipata programu ya diff, kazi ya Douglas McIlroy na James Hunt, iliyolinganisha faili mbili na kutaja mistari iliyotofautiana. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya patch, iliyofanya kinyume chake: ilipokea orodha ya tofauti na kuitia kwenye faili ya mtu mwingine. Hapo kiraka kilizaliwa. Badala ya kutuma programu nzima, mtu alituma mistari michache tu: iliyoondolewa ikitanguliwa na alama ya kutoa, iliyoongezwa ikitanguliwa na alama ya kujumlisha. Muundo unaotumika zaidi leo, ule unaoweka mistari ya zamani na mipya pamoja, ulibuniwa na Wayne Davison mwaka 1990.

Ujanja wa kiraka uko kwenye mistari ambayo haikubadilika. Kwa kawaida kiraka hubeba mistari mitatu juu ya badiliko na mitatu chini yake. Faili ya mpokeaji ikiwa imeongezewa mistari mia moja mwanzoni, nambari za mistari hazitalingana tena, lakini programu itaitafuta ile mistari jirani mpaka iipate. Ndivyo watu wanavyoelekezana Kibera, ambako vichochoro vingi havina majina: ushukie Olympic, uulize kinyozi aliye karibu na kanisa, nyumba ni ile inayofuata. Kinyozi akihama, mgeni anapotea. Na mistari jirani ikibadilika, kiraka hukataliwa na kuandikwa kwenye faili ya masalio, kikimsubiri mtu mwenye akili timamu aje akisome.

Kwa miaka mingi hilo lilitosha, kwa kuwa kiraka ni maandishi matupu na maandishi hayaulizi yametoka mfumo gani. Ugumu ulikuja pale mifumo ilipoanza kurekodi historia, kila mmoja kwa falsafa yake. CVS ilihesabu matoleo ya kila faili peke yake. Subversion, iliyoanza mwaka 2000, iliihesabu hifadhi nzima: badiliko la 1, la 2, la 3, yote yakitolewa na seva moja kuu. Git na Mercurial zilizaliwa mwezi mmoja, Aprili 2005, kwa sababu moja. Kampuni iliyokuwa na BitKeeper, mfumo uliotunza msimbo wa Linux, iliondoa ruhusa ya kuutumia bure. Linus Torvalds akaandika Git, Matt Mackall akaandika Mercurial. Zote mbili ziliachana na seva kuu na kulitambua kila badiliko kwa mfuatano wa herufi na tarakimu 40 uliokokotolewa kutokana na maudhui yake.

Kwa hiyo mtu akisema "badiliko la 1204" kwenye Subversion, mwenzake wa Git hana pa kulitafuta. Kinachovuka ni mistari. Vingine vyote vinabaki forodhani: faili iliyobadilishwa jina huonekana kama faili moja iliyokufa na nyingine iliyozaliwa, ruhusa ya kuendesha programu hupotea, na picha ya nembo, kwa kuwa si maandishi, haiingii kwenye kiraka cha kawaida kabisa. Git iliongeza vichwa vya habari juu ya kiraka ili kutaja mambo hayo, na Mercurial, licha ya kuwa mshindani wake, ikajifunza kuvisoma na kuviandika vichwa hivyohivyo. Ni uamuzi mdogo usiosifiwa, na umeokoa kazi nyingi.

Kisha kuna jina.

Subversion hurekodi jina la mtu mmoja tu kwa kila badiliko: yule mwenye ufunguo wa kuandika kwenye seva. Kijana wa mtaa wa Kawangware akirekebisha kosa na kutuma kiraka kwa barua pepe, msimamizi wa mradi akakitia, historia itasema msimamizi ndiye aliyelirekebisha. Waungwana walikuwa wakiandika kwenye maelezo kwamba kiraka kimetoka kwa fulani. Wengine walisahau. Git ilitenganisha mambo hayo mawili tangu mwanzo, kwa sababu viraka vya Linux hupita mikononi mwa wasimamizi kadhaa kabla ya kufika: kuna aliyeandika, na kuna aliyeingiza. Nairobi, ambako mwajiri anaweza kufungua ukurasa wa mwombaji kazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, kabla ya kufungua vyeti vyake, mstari huo mmoja wa jina una thamani ya shilingi.

Mfano mzuri wa uhamisho wa namna hii umetoka Kenya, ingawa si Nairobi. OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilikua kutokana na kazi ya Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, waliofika Eldoret mwaka 2004 kuusaidia mpango wa AMPATH uliolemewa na wagonjwa wa UKIMWI. Miaka yake ya kwanza msimbo ulikaa kwenye Subversion. Baadaye ulihamia Git. Uhamisho kama huo hufanywa kwa kifaa cha git-svn, ambacho hupewa faili ya waandishi: upande mmoja jina fupi la kuingilia kwenye Subversion, upande wa pili jina kamili na anwani ya barua pepe. Kikikutana na jina fupi lisilo kwenye orodha, kinasimama na kukataa kuendelea. Wengi hukichukia kwa ukaidi huo. Ukweli ni kwamba ni mojawapo ya sehemu chache katika fani hii ambapo mashine humshurutisha mtu aulize kazi hii ni ya nani.

Tofauti kati ya mifumo hii ilikuwa pia ya stima na bando. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Kenya mwaka huohuo wa 2009. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, kwa bei iliyomfanya mtu wa saiba atazame saa kila dakika. Kwa Subversion, kila badiliko lilihitaji seva iwe hewani. Kwa Git, mtu aliweza kufanya kazi siku nzima bila intaneti na kurekodi kila hatua kwenye kompyuta yake, kisha kupeleka yote jioni. Git ina hata amri ya kufunga historia kwenye faili moja, ambayo inaweza kubebwa kwa flashi diski kutoka nyumba hadi nyumba. Mtu aliyeishi mahali ambapo stima hupotea bila kuaga haelezwi mara mbili faida ya hilo. Huko Kibera, Taasisi ya Tunapanda ilijenga TunapandaNET, mtandao wa jamii usiotumia nyaya unaounganisha shule na vituo vya vijana, ili masomo yafike bila kila kitu kuzunguka nje na kurudi.

Ukitoka Kibera ukapanda mpaka Barabara ya Ngong, zamani ungefika kwenye jengo la Bishop Magua. Hapo ndipo iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ilipofunguliwa Machi 2010, na hapo ndipo Ushahidi ilipokuwa na makao. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili watu waripoti kwa simu na intaneti yaliyokuwa yakitendeka mitaani kwao. Ory Okolloh alitoa wazo. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioijenga. Ilikuwa programu huria iliyoandikwa kwa PHP, na muda si mrefu ilitumika nchi za mbali. Map Kibera ikaichukua na kuanzisha Voice of Kibera: taarifa za wakazi zilizopachikwa juu ya ramani ambayo wakazi wenyewe walikuwa wameichora.

Hapo mifumo miwili ya kumbukumbu ilikutana, na mshono unaonekana. OpenStreetMap inajua kwamba zahanati fulani ni kitu kimoja chenye nambari na matoleo yake. Ushahidi inajua tu kwamba taarifa fulani iko kwenye viwianishi fulani. Zahanati ikisogezwa kwenye ramani kwa sababu GPS ya mwanzo ilikosea, taarifa haisogei nayo. Inabaki ikielea juu ya paa la jirani. Msimbo wenyewe wa Ushahidi ulipitia jambo kama hilo ulipoandikwa upya kutoka toleo la pili kwenda la tatu. Viraka ambavyo watu walikuwa wameandikia toleo la pili havikuwa tena na mistari jirani ya kushikilia. Aliyetaka marekebisho yake yaendelee kuishi ilimbidi ayaandike upya kwa mkono.

Matatu nazo zina kisa chao. Kati ya mwaka 2012 na 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu mikononi, wakirekodi kila njia na kila steji, zikiwemo 8 ya Kibera na 46 ya Kawangware. Mradi uliitwa Digital Matatus na uliunganisha chuo hicho, Chuo Kikuu cha Columbia, MIT na kampuni ya Groupshot. Ramani yao, yenye njia zaidi ya 130, ilitolewa Januari 2014. Chini ya ramani hiyo nzuri ya rangi palikuwa na kitu kisichopendeza macho lakini muhimu zaidi: data katika muundo wa GTFS, ulioanzia Portland, Marekani, mwaka 2005 kwa ajili ya mabasi yenye ratiba.

Matatu hazina ratiba. Zinaondoka zikijaa, zinasimama makanga akipiga bati, na foleni ikizidi dereva anaingia njia za panya. Timu ilibidi iupinde muundo huo ili uweze kubeba safari za kukadiria na vituo visivyo rasmi. Zaidi ya hapo, GTFS haina kumbukumbu ya mabadiliko. Ni faili kadhaa za maandishi zilizofungwa pamoja: moja ya vituo, moja ya njia, moja ya safari, moja ya nyakati. Njia ya 46 ikibadilika kidogo pale Kawangware, hakuna kiraka cha kutuma. Kifurushi kizima hutolewa upya na kile cha zamani hutupwa. Kwa kuwa ni maandishi, mtu anaweza kuzitia faili hizo kwenye Git na kupata historia yake, lakini lazima kwanza aipange mistari yake kwa utaratibu uleule kila mara. Programu iliyozitoa ikichanganya mpangilio, Git itaona kila mstari umebadilika, na badiliko moja la kweli litazama ndani ya elfu moja ya uongo.

Jaribio gumu zaidi kwa mifumo hii ya kumbukumbu lilikuja asubuhi ya tarehe 23 Julai 2018. Matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na shule kadhaa zikavunjwa pamoja na nyumba.

Mfumo wa kumbukumbu unafanyaje na shule iliyobomolewa? OpenStreetMap ina neno la kufuta ndani ya muundo wake wa mabadiliko, sambamba na kuunda na kurekebisha. Shule ikifutwa huondoka kwenye ramani, lakini matoleo yake yote hubaki kwenye seva, na anayejua nambari yake anaweza kuiita: jina lilikuwa hili, ilichorwa mwaka huu, ilifutwa siku hii, na aliyefuta ni huyu. Orodha za serikali hazikujengwa hivyo. Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya Kenya tarehe 8 Julai 2011, na humo mlikuwa na orodha ya shule iliyokusanywa mwaka 2007. Map Kibera, kupitia mradi wake wa Open Schools Kenya, ilizunguka ikihesabu na kuchora shule za mtaa, nyingi zikiwa za jamii, za makanisa au za watu binafsi, zisizo na usajili wa kawaida. Kulinganisha orodha hizo mbili hakukuwa kazi ya mashine. Hapakuwa na nambari ya pamoja. Jina la shule liliandikwa namna moja kwenye orodha na namna nyingine kwenye ubao wa lango. Badiliko lililorekodiwa kwa uangalifu upande mmoja halikuwa na mahali pa kutua upande wa pili, hivyo mtu wa kalamu na karatasi ndiye aliyekuwa daraja.

Hata idadi ya watu ilikuwa na matoleo yake. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 170,070 Kibera. Ripoti nyingi za kabla na baada yake zilisema milioni moja. Kwa msimbo, tofauti kubwa hivyo ingeitwa mgongano, na mtu angelazimika kuutatua kabla ya kuendelea.

Limebaki suala la leseni, ambalo huwachosha wasomaji lakini limezuia viraka vingi. Google ilianzisha Map Maker mwaka 2008, na Wakenya wengi waliitumia kuchora mitaa yao. Kitaalamu, njia iliyochorwa huko ingeweza kuhamishiwa OpenStreetMap kwa saa chache. Kisheria haikuwezekana, kwani masharti ya Google hayakuruhusu. Benki ya Dunia ilipotangaza makubaliano na Google kuhusu Map Maker Januari 2012, watetezi wa data huria waliuliza mkazi anayechora mtaa wake bure anamchorea nani. Swali lilikuwa halali. Map Maker ilifungwa Machi 2017.

OpenStreetMap yenyewe haikusalimika. Mwaka 2012 ilibadilisha leseni yake, na kila mchangiaji aliombwa kukubali masharti mapya. Michango ya waliokataa, au ambao hawakupatikana, iliondolewa na roboti mwezi Julai mwaka huo. Roboti iliweza kufanya hivyo kwa sababu kila toleo la kila nukta lilikuwa na jina la mwenyewe, hivyo kazi ya mtu mmoja iliweza kutolewa bila kung'oa ya wengine. Mfumo usiohifadhi majina ungebaki na chaguo mbili tu: kuacha kila kitu au kufuta kila kitu.

Data ya Digital Matatus, kwa upande wake, ilitolewa bure kwa yeyote kuitumia. Ilitoka Januari 2014, na Agosti 2015 njia za matatu za Nairobi zikaingia kwenye Google Maps.

Kwa hiyo kijana wa Kibera au Kawangware anayeandaa kiraka ambacho kitatoka kwenye Git na kuishia kwenye mfumo asioujua, asiuachie mfumo huo kazi ya kumkumbuka. Aandike jina lake na leseni aliyoichagua kwenye maelezo ya badiliko, na mradi ukiruhusu, aviandike pia juu ya faili mpya alizoziunda. Aache mistari jirani ya kutosha. Na akibadilisha jina la faili, alitume badiliko hilo peke yake, kabla ya lingine lolote.